Punje Saba za Sekunde

Kazini walimwita Kobe, na yeye hakujali, kwa sababu jina lilimfaa. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote alisoma namba yake kwa sauti, akaigusa kwa kidole, akaisoma tena, ndipo akabonyeza. Wenzake wa zamu walimtania kwamba siku akiitwa kuzima moto atauliza kwanza moto wenyewe umeandikishwa wapi. Miaka kumi na minne alikaa katika chumba cha mitambo cha kituo cha umeme cha mjini, mbele ya ukuta wa vitufe na vitaa vyekundu na vya kijani, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupewa hata karipio moja.

Jumanne ile ratiba ilimtaka azime swichi namba sita saa tatu kamili asubuhi, ili mafundi wa nje wasafishe transfoma ya akiba. Namba tano, iliyokuwa jirani yake kwa upana wa vidole vitatu tu, ndiyo ilikuwa swichi ya laini kubwa, ile iliyoleta umeme wa mji mzima kutoka kituo cha bwawani, kilomita mia sita kutoka pale. Mwenzake wa zamu alikuwa ametoka kwenda kuosha vikombe. Kobe akaitazama saa ya ukutani, akanyoosha mkono, akabonyeza.

Vitufe vile vilitakiwa kushikiliwa kwa sekunde nzima ndipo vifanye kazi. Aliona kama sekunde haijaisha. Ving'ora vililia vyote kwa pamoja, vitaa vya ukuta mzima vikageuka vyekundu, naye akaurudisha mkono kifuani kama mtu aliyegusa mkaa. Halafu kikaja kile ambacho hakuwahi kukisikia tangu aanze kazi: mngurumo wa transfoma, ambao masikio yake yalikuwa yameuzoea hata akausahau, ukakatika. Nje mji ulinyamaza.

"Umefanya nini?" mwenzake aliuliza mlangoni, vikombe mkononi vikichuruzika maji.

"Sijui," alisema Kobe. Na neno hilo ndilo lililomponza.

Umeme ulirudi baada ya saa mbili. Lakini kwenye kiwanda cha chuma, upande wa pili wa mji, umeme ulipokatika breki ya winchi iliteleza, na ndoo ya chuma kilichoyeyuka ikainama. Fundi wa tanuri aliyekuwa chini yake alifariki papo hapo. Kobe alimfahamu. Walikaa jengo moja la ghorofa. Mama wa marehemu aliishi ghorofa moja chini yao, bibi mwenye sauti ya kukwaruza aliyeshonewa nguo zake zote na mke wa Kobe.

*

Msibani Kobe alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ngazi, akiwa amekunja mikono kwapani kana kwamba watu wangeona kitu kwenye vidole vyake. Hakuna aliyejua bado. Walilaumu shirika la umeme kwa jumla, kama watu wanavyolilaumu kila siku, na kila sauti ilipopanda yeye alihisi kijasho chembamba kikimshuka mgongoni.

Alipoingia kutoa pole, mama wa marehemu alimshika mkono, na hakuuachia.

"Unajua kinachonitafuna, mwanangu? Saa tatu ile nilikuwa nachagua mchele. Redio yangu ni ya betri, ilikuwa inaendelea, wanasema vichekesho. Nilikuwa nacheka. Mwanangu anaungua huko, mimi niko hapa nacheka. Mama gani huyo ambaye hata moyo haukumshtuka?"

Kobe alitaka kusema jambo. Alitoka, akapanda ngazi, akaingia kwake, akaufunga mlango kwa ufunguo, kisha akarudi kuujaribu kama umefungwa. Akaujaribu tena.

"Una nini?" mkewe alimuuliza kutoka kwenye cherehani.

Akamweleza. Alimweleza kila kitu, na alipofika kwenye kidole akakwama. "Najiona nikiisoma namba mara ya kwanza. Sita. Naiona kabisa. Lakini mara ya pili siioni, mke wangu. Natafuta kichwani, haipo. Huenda sikuisoma. Huenda nilibonyeza tano, na sekunde ikaisha bila mimi kujua."

"Wewe? Wewe unayesoma maandishi ya sabuni kabla ya kuoga?"

Alikuwa anajaribu kumchekesha. Hakuna aliyecheka. Mkewe aliushusha mguu kutoka kwenye pedali, na kitambaa alichokuwa akishona kikabaki nusu chini ya sindano mpaka kesho yake.

*

Kamati ya uchunguzi ilikutana Alhamisi kwenye ukumbi mdogo wa makao makuu ya shirika. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtisha Kobe zaidi. Alizungumza polepole, kama daktari anayejua majibu yako tayari.

"Bwana mwendeshaji, vituo vyote viwili, chako cha mjini na kile cha bwawani, vina vinasa vinavyoandika mshtuko wowote unaopita kwenye laini, pamoja na saa uliyopita. Kinasa cha kwako kimeuona mshtuko kwanza. Cha bwawani kimeuona baadaye kidogo, sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini baadaye. Swichi namba tano ikazimika. Namba sita, uliyoambiwa uizime, haikuzimika. Ulibonyeza ipi?"

"Sita."

"Una hakika? Mwenzako anasema alipokuuliza ulijibu hujui."

Angejibu upesi, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini Kobe hakuwa mtu wa kujibu upesi. Alikaa kimya, akitafuta ile mara ya pili, na karani wa kamati akakiandika kile kimya. Alisikia kalamu.

"Mshtuko umeanzia kwako, ukakimbilia bwawani," alisema mwenyekiti. "Sioni njia nyingine ya kulisoma hili. Faili litakwenda polisi."

Kwenye kona ya ukumbi alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mafua yasiyokwisha na leso mkononi. Huyu alikuwa fundi mkuu wa saa zote za shirika, na watu walimwita Mama Nukta kwa sababu aligombana na yeyote aliyechelewa hata kwa dakika moja. Alipenga kamasi, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwenyekiti. Hizo saa mbili, nani alizilinganisha, na lini?"

"Zinajilinganisha zenyewe, si ndivyo?"

"Ya mjini inafuata setilaiti. Ya bwawani dishi lake liliharibika miezi miwili iliyopita. Tangu hapo inaiuliza ya mjini saa kupitia waya wa mawasiliano. Na mwezi uliopita mafundi wa waya walibadilisha njia. Mimi sijaenda kuipima. Ni kosa langu, nalikubali, lakini sijaenda." Akaikunja leso. "Mnataka kumfunga mtu kwa kitu ambacho sijakipima."

Mwenyekiti alimpa mpaka Jumatatu.

*

Kwenye korido Kobe alimfuata mbio mbio. "Mama, asante. Kwa hiyo saa ina makosa?"

"Sijui."

"Lakini umesema..."

"Nimesema sijapima. Nisikudanganye, kaka. Inaweza kuwa sawa kabisa. Inaweza kuwa na kosa linalokuokoa, au linalokumaliza kabisa. Kaa hapa nikueleze, maana utakwenda na mimi, na sitaki mtu anayetetemeka asijue anatetemekea nini."

Wakakaa kwenye benchi la mapokezi. Akamwambia achukue sekunde moja aigawe vipande elfu kumi, kila kipande akiite punje. Katika punje moja, mwanga unakimbia kilomita thelathini. Umeme kwenye waya unajitahidi kuufuata, lakini hakuna kitu, si mshtuko, si habari, kinachoupita.

"Kutoka kwako hadi bwawani ni kilomita mia sita. Ni punje ngapi?"

Kobe alihesabu kwa vidole. "Ishirini."

"Ishirini. Kinasa cha bwawani kimeandika mshtuko punje thelathini na moja baada ya chako. Ishirini za safari, zinabaki kumi na moja za mtambo wenyewe kushtuka. Inaingia vizuri. Inaingia vizuri mno. Ndiyo maana mwenyekiti analala usingizi."

Kobe alikuwa amekuja kutafuta tumaini, na huyu mama alikuwa anampigilia misumari.

"Sasa sikiliza. Saa ya bwawani inapouliza saa, swali linasafiri mpaka mjini, jibu linarudi. Ile saa inapima safari nzima, kwenda na kurudi, inaigawa nusu, inasema: jibu limechukua nusu hii kunifikia. Ni ujanja mzuri, dunia nzima inautumia. Lakini umesimama juu ya jambo moja tu ambalo hakuna aliyelithibitisha, kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Mafundi wa waya wakibadilisha njia, swali likazunguka mbali, jibu likakata mkato, au kinyume chake, saa itajilinganisha kwa uongo na haitajua. Itakuwa inajiamini kabisa."

"Utajuaje ni ipi?"

"Kwa kuibeba saa mkononi, kutoka hapa mpaka kule."

*

Saa yenyewe ilikuwa sanduku la chuma la kijivu, kubwa kama redio ya zamani, lenye betri yake ndani. Ijumaa alfajiri waliilinganisha na ya mjini, karani wa kamati akaweka lakiri ya karatasi kwenye kifuniko ili mtu asikifungue njiani, wakaondoka watatu. Karani aliendesha. Mama Nukta alikaa mbele na mafua yake. Kobe alikaa nyuma, sanduku mapajani, kwa sababu Mama Nukta alisema kiti cha gari kinarukaruka kuliko miguu ya mtu.

Hapo ndipo woga ulipomkalia vizuri. Hakuwa na kazi nyingine ya kufanya isipokuwa kuogopa. Kwenye kila shimo la barabara alilikumbatia sanduku. Aliogopa betri itaisha. Aliogopa lakiri itachanika, karani aandike kwamba mtuhumiwa amechezea kipimo. Halafu, karibu saa tano, akagundua kwamba anaogopa zaidi sanduku lifike salama. Maana likifika salama litasema. Kwa muda wote huu angalau hakukuwa na jibu. Alipitiwa na wazo la kulidondosha walipovuka daraja, wazo tupu, likaja na kupita, na mikono yake ikalowa jasho kiasi kwamba aliomba kitambaa.

Mama Nukta alimwona kwenye kioo. "Zungumza, kaka. Ukikaa kimya utatutapikia."

"Hii hapa," alisema Kobe, "ikitembea hivi, inabaki ile ile? Haibadiliki kwa kutembea?"

"Inabadilika."

Karani alicheka, akidhani ni utani. Mama Nukta hakucheka. Alieleza kwamba saa inayosafiri hukawia kidogo kuliko iliyokaa, na iliyo mlimani hukimbia kidogo kuliko ya bondeni, ila ni kidogo mno, punje moja ukiigawa mara laki nyingi. Alikuwa ameshaviandika vyote viwili kwenye daftari lake hata hivyo.

"Basi saa ya kweli ni ipi?" aliuliza Kobe. "Ile yenyewe. Saa tatu ya kweli."

"Haipo." Alipenga kamasi. "Kila mahali pana saa yake, na sisi tunatumiana habari tukakubaliana. 'Sasa' ya hapa na 'sasa' ya bwawani ni makubaliano. Kwa kupanga basi na vipindi vya shule yanatosha. Lakini chukua mambo mawili yaliyo mbali, yaliyokaribiana kwa muda kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka kwenye moja ukawahi lingine. Mtu aliyesimama atasema hili limetangulia. Mtu anayepita kwa kasi ya ajabu, tuseme nusu ya kasi ya mwanga, anaweza kusema lile ndilo limetangulia. Na wote wawili wamepima sawasawa. Hakuna mwongo."

"Hayo ni ya vitabuni," alisema karani.

"Ni ya vitabuni, na yako mbele ya kamati Jumatatu. Kama mambo mawili yako hivyo, hakuna hata moja kati yake linaloweza kuwa limesababisha lingine. Halikuwa na muda wa kufika. Kwa hiyo mimi sitafuti nani wa kwanza, bwana karani. Natafuta kama zile punje ni zaidi ya ishirini au pungufu. Zikiwa zaidi, ndugu yetu huyu..."

Kobe alimfikiria mama wa marehemu na redio yake. Kwamba hapakuwa na uzi wowote kati ya kicheko chake na lile tanuri, hapakuwa na kitu ambacho kingeweza kumfikia pale pale. Alitamani kumwambia, lakini angemwambiaje, yeye?

*

Walifika bwawani saa kumi na moja jioni, jua bado liko kali juu ya maji. Kituo kilinuka mafuta ya mashine. Mama Nukta aliunganisha nyaya mbili, moja kutoka kwenye sanduku, nyingine kutoka kwenye saa ya kituo, akakaa mbele ya kioo kidogo cha kipimo. Karani alikata lakiri, akasimama nyuma yake. Kobe alibaki karibu na mlango. Hakuweza kusogea.

Mama Nukta alipima. Akaandika. Akachomoa nyaya, akazibadilisha, akapima tena. Akapima mara ya tatu. Dakika ishirini zilikwisha, na kila alipovuta pumzi ya mafua Kobe alidhani anataka kuzungumza.

"Iko mbele," alisema mwishowe. "Saa ya hapa iko mbele punje ishirini na nne."

"Mbele ni vizuri au vibaya?" Sauti ya Kobe ilitoka kama ya mtoto.

"Swali linazunguka mbali, jibu linakata mkato. Saa inadhani jibu limechelewa kuliko lilivyochelewa, inaongeza zaidi ya inavyopaswa. Kwa hiyo kila kilichoandikwa hapa kimeandikwa na ziada ya ishirini na nne. Thelathini na moja utoe ishirini na nne."

Alihesabu bila vidole. "Saba."

"Saba."

Karani ndiye aliyelisema, taratibu, kama anayesoma imla. "Mshtuko hauwezi kufika hapa kwa punje saba."

"Hauwezi. Hata mwanga hauwezi. Hakuna alichobonyeza mtu huyu kule mjini ambacho kingeweza kuonekana hapa kwa punje saba. Awe amebonyeza tano, awe amebonyeza sita, awe amekalia ukuta mzima."

Kobe aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. Alitarajia furaha, lakini kilichokuja kilikuwa woga mwingine, wenye meno mapya. "Sasa nani?" aliuliza. "Kama si mimi, nani? Watasema umekosea kupima. Watasema umenionea huruma."

"Watasema," alikubali Mama Nukta. "Ndiyo maana kesho tunatembea kwa miguu."

Kama mshtuko haukutoka mjini, alisema, na wala haukutoka bwawani, maana mjini ndiko ulikofika kwanza, basi ulitoka mahali fulani katikati ya laini, ukakimbia pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ungetoka katikati kabisa, ungefika vituo vyote kwa pamoja. Umefika mjini punje saba mapema. Punje saba ni kilomita mia mbili na kumi. Gawa mbili, ondoa kwenye mia tatu. Alichora mstari kwenye daftari, akaweka alama. "Kilomita mia moja tisini na tano kutoka mjini. Toa au ongeza mbili tatu."

*

Usiku ule ule walianza safari ya kurudi upande wa mjini, na asubuhi ya Jumamosi waliiacha barabara kuu, wakafuata njia ya vumbi iliyopita chini ya laini. Minara ya chuma ilisimama mmoja baada ya mwingine, waya zikining'inia kwenye mafungu ya vikombe vya kauri, vinavyozuia umeme usivuke kwenda kwenye mnara. Waligawana: karani mbele na gari, wao wawili kwa miguu, kila mnara wanautazama kwa darubini. Wa kwanza mzima. Wa pili mzima. Wa tano mzima. Jua lilipanda. Kufikia mnara wa tisa Kobe alikuwa ameacha kuamini. Alianza kupanga kichwani atakachomwambia mkewe, nani atawapeleka watoto shule, cherehani wataiweka wapi wakikosa kodi ya nyumba.

Mlio ulipokuja, alijitupa chini.

Ulikuwa mlio mzito, wa kifua, ukafuatwa na wingu la vumbi nyuma ya kilima. Mawe madogo yakanyesha kwenye majani, tap, tap, tap. Mama Nukta alisimama ameshikilia darubini, kichwa amekiinamisha, akaitazama saa yake ya mkononi.

"Saa tatu kamili," alisema.

Nyuma ya kilima palikuwa na machimbo ya kokoto. Na kwenye mnara wa kumi, ule uliokaribiana na machimbo kuliko yote, fungu moja la vikombe lilikuwa limevunjika katikati, chuma kimeungua kuwa cheusi kwa urefu wa mkono. Chini yake, kwenye majani, Kobe aliokota kipande cha kauri cheupe chenye ukingo mkali. Mita chache mbele palikuwa na jiwe la ukubwa wa papai, ambalo halikuwa na sababu ya kuwa pale.

Mnyapara wa machimbo alikuja akikimbia, kofia ngumu mkononi, akipiga kelele kwamba hapo hapapitiki wakati wa baruti. Alikuwa mtu mwembamba, wa umri wa Kobe, mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Alipoiona nembo ya shirika kwenye gari lililokuwa linarudi, alipunguza mbio.

"Mnalipua kila siku saa tatu?" aliuliza Mama Nukta.

"Siku zote isipokuwa Jumapili, mama. Saa tatu kamili. Kuna nini?"

"Jumanne pia?"

"Jumanne..." Aliyafuata macho yao mpaka juu, kwenye vikombe vilivyovunjika, kisha akashuka mpaka kwenye kipande kilichokuwa mkononi mwa Kobe. Kumbe alikuwa amesikia habari za mji kukosa umeme, nani hakuzisikia? Kobe aliuona uso wake ukibadilika. Aliujua uso ule. Alikuwa ameuona kwenye kioo cha bafuni kwa siku nne.

"Niliomba matandiko ya kufunikia," alisema mnyapara, kwa haraka, akimwambia Kobe peke yake. "Yale mazito, ya kuzuia mawe yasiruke. Niliomba mara tatu. Kwa barua. Barua ninazo."

"Zitunze," alisema Kobe.

*

Jumatatu kamati ilikaa tena. Mama Nukta aliweka daftari lake mezani, karani akathibitisha kila kipimo, picha za mnara zikazungushwa. Mwenyekiti alisoma muda mrefu, akavua miwani, akasema kwa upole ule ule kwamba bwana mwendeshaji hana kesi ya kujibu na anarudi kazini. Kuhusu alibonyeza kitufe kipi, alisema, jambo hilo halina uzito tena. Laini ilikuwa imekwisha kuzimwa na mitambo ya ulinzi, ambayo huikata swichi namba tano yenyewe mshtuko ukipita.

Kwa Kobe lilikuwa na uzito. Mpaka leo hajaiona ile mara ya pili. Lakini jioni ile alishuka ngazi na mkewe, wakagonga mlango wa mama wa marehemu, akamweleza kila kitu tangu mwanzo, pamoja na kile kimya chake mbele ya kamati. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Hakumlaumu, wala hakumwambia amemsamehe. Aliuliza tu jiwe lilikuwa na ukubwa gani. Kobe alipomwonyesha kwa mikono, aliitazama ile mikono kwa muda mrefu, kisha akamwomba mkewe Kobe amshonee nguo nyeusi ya pili, kwani ya kwanza ilikuwa inambana.

Wiki mbili baadaye mnyapara aliitwa mbele ya kamati ile ile. Kobe alikuwa zamu ya asubuhi, akaomba ruhusa. Alimkuta kwenye benchi la mapokezi, amevaa koti la kuazima lililompwaya mabegani, bahasha ya barua mapajani ameikumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa amewahi kwa saa nzima.

"Kaka," alisema mnyapara, "wewe umepita humu. Watanifanya nini?"

"Sijui," alisema Kobe. "Nisikudanganye."

Akakaa karibu naye. Bahasha ilikuwa inatoa sauti ndogo ya karatasi mapajani mwa mnyapara. Walikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka mlango ulipofunguliwa na karani akatoa kichwa kuita.